Mti wa Kizibo na Mvunaji wa Mwaka 2017

Lameki Rugaibula,
Mwinjilisti mstaafu,
Kanazi, Bukoba Vijijini.
16 Novemba 1992

Ndugu Mratibu Mayenga,
Mradi wa Mti wa Kizibo,
Ofisi ya Miembeni,
Bukoba Mjini.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU FOMU NAMBA MBILI, PAMOJA NA MAOMBI

Ndugu Mratibu,

Nakuandikia nikiwa mzima. Siku hizi hapa kwetu mtu hulisema hilo mwanzoni kabisa mwa barua, ili msomaji asihangaike kuuliza. Natumaini nawe u mzima, na karani wako pia, na lile gari jeupe lililonasa kwenye tope letu Jumanne ile ya tarehe 20 Oktoba likasukumwa na watu kumi na wanane. Kumi na wawili kati yao walikuwa wametoka mazikoni na walikuwa na nguo zao nzuri mwilini, lakini hawakulalamika. Nalalamika mimi, kwa niaba yao na kwa niaba yangu.

Endapo barua hii itasomwa na mkubwa wako, naeleza habari yenyewe kwa kifupi. Mradi wenu unataka kuleta Kagera mti wa kizibo, yaani ule mti wa Ureno ambao gome lake nene na jepesi hukatwa vizibo vya chupa za divai. Mliniachia miche kumi na miwili ndani ya viriba, pamoja na Fomu Namba Mbili. Katika Sehemu A ya fomu hiyo mkulima anakubali kukata kila mti unaotia kivuli ndani ya hatua ishirini kutoka kwenye miche, kwa kuwa mti wa kizibo unapenda jua. Kwangu hiyo ni mitoma minne, na sina mingine. Katika Sehemu B mkulima anaandika jina la mtu atakayevuna gome la kwanza mwaka 2017, kwa kuwa mti huu hauchunwi mpaka utimize miaka ishirini na mitano. Fomu irudi Miembeni kabla ya tarehe 30 mwezi huu.

Nimejaribu kuijaza, Ndugu Mratibu. Nimechonga penseli mara mbili, nimevaa miwani, nimemfukuza kuku mezani. Nimeshindwa. Malalamiko yangu nimeyapa namba kwa sababu nimeona ofisi yako inapenda namba.

1. Kuhusu ridhaa yetu. Katika nakala ya ripoti uliyomwachia mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Burhani, imeandikwa kwamba wananchi wa Kanazi wameridhia kukata mitoma yao, na kwamba wamefunga agano la jadi na mtaalamu kutoka Ureno kwa kutafuna naye kahawa.

Kahawa ile ilikuwa ya kumkaribisha mgeni. Yeyote anayeingia nyumba ya Mhaya hupewa punje kavu za kutafuna wakati chakula kinapikwa. Hata mtoza kodi hupewa. Agano la kahawa lipo kweli, wazee wetu walilifunga, lakini lina wembe, lina damu, na ni punje moja inayogawanywa na watu wawili wanaojuana tangu utotoni. Mtaalamu wenu hakuchanjwa popote. Alitafuna punje tisa, akatemea maganda kwenye leso, akashukuru kwa lugha yake. Kama huo ni mkataba, basi mimi nina mkataba na wauza mitumba wote wa Rwamishenye, na mmoja wao nimefunga naye agano mara nne.

Makofi tulipiga, hilo sikatai. Alikuwa ametia kizibo kwenye ndoo ya maji na kizibo kikaelea. Mtu aliyetoka mbali hivyo kuja kuonyesha kitu kinavyoelea kwenye ndoo, ungemfanyia nini?

2. Kuhusu somo. Mtaalamu alitufundisha kwa saa mbili, kwa picha za rangi, jinsi ya kuuvua mti gome lake bila kuuua. Alieleza kwa furaha kubwa kwamba gome huota tena. Ndani ya ukumbi ule wa usharika walikuwamo wazee saba waliokuwa wakichuna mitoma kabla yeye hajazaliwa, na hakuna hata mmoja aliyemkatiza. Kumsahihisha mgeni ambaye bado hajala ni aibu kwetu, na siku ile chakula kilichelewa sana.

Kwa faida ya mkubwa wako: mtoma ni mti wetu. Unauchuna gome, unalifunga shina majani ya mgomba kama unavyofunga kidonda cha mtoto, na mwaka ukipita gome limerudi. Gome lile hupigwa kwa nyundo ya mti yenye mistari mpaka linapanuka na kuwa nguo yenye rangi ya udongo mwekundu. Tunaiita lubugo. Babu zetu waliivaa, sisi tunazikwa nayo. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mikono, pamoja na uinjilisti. Mchungaji wa kwanza niliyefanya naye kazi alinikataza kwa kuwa ni mambo ya kipagani, wa pili alinyamaza, wa tatu alikuja mwenyewe kuagiza ya mama yake. Siku hizi marehemu tunamvika hiyo chini na shuka jeupe juu, na Mungu hajalalamika.

Neno alilolipenda mtaalamu wenu ni "endelevu". Nilihesabu, alilisema mara thelathini na moja. Nakiri kwamba mtoma nao ulikuwa endelevu. Uliendelea vizuri sana mpaka mwaka 1985 au 86 hivi, sisi tulipoanza kufa upesi kuliko gome linavyoota. Zamani mti mmoja ulipumzika mwaka mzima, pengine miwili. Sasa nafungua majani kabla ya wakati, gome jembamba linachanika chini ya nyundo, nami nashona viraka kwenye nguo ya marehemu mbele ya wafiwa. Kosa si la mti.

3. Kuhusu mwaka 2017. Hapa ndipo penseli yangu iliposimama.

Mtaalamu alisema gome la kwanza linachunwa baada ya miaka ishirini na mitano, nalo ni gumu na la hovyo. La pili baada ya miaka tisa mingine, nalo pia si zuri sana. La tatu, yaani mwaka 2035, ndilo linalotoa kizibo cha kweli. Alituonyesha picha ya shina lililochunwa, limeandikwa tarakimu moja kwa rangi nyeupe, ili wajao wajue lilichunwa mwaka gani. Ukichuna 2017 unaandika 7. Wazee waliitazama picha ile kwa heshima. Niliyekuwa nimekaa naye aliuliza taratibu kama kuna mti wa kizibo unaokomaa kufikia Pasaka.

Sasa mvunaji ni nani? Kwa desturi yetu jina linaloandikwa ni la mwana wa kiume, ndiye anayerithi kibanja, yaani shamba la ukoo. Mwanangu Nathanieli alikwenda vitani na wanamgambo Novemba 1978, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Alivuka mto Kagera, akafika hadi ndani ya Uganda, akarudi bila mkwaruzo. Tulichinja mbuzi wawili. Mwaka 1988 akafia hapa nyumbani, kitandani kwake, bila adui yeyote mlangoni, kwa ugonjwa ambao sisi tuliuita Juliana, jina la mashati ya magendo, kabla redio haijaupa jina lake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mkewe Joviana alimfuata miaka miwili baadaye. Wadogo wawili wa Nathanieli walikuwa wamemtangulia.

Aliyebaki humu ndani mwenye umri wa chini ya miaka sitini ni binti yao, Kokushubila, ana miaka saba. Mpwa wangu Kagaruki, ambaye ndiye sauti ya ukoo, ameshaniambia kwamba msichana haandikwi kwenye kibanja, kwa hiyo haandikwi kwenye mti pia. Nami sikubishana naye sana, kwa sababu ambayo naiandika hapa kwa kuwa wewe si mtu wa kwetu. Mtoto huyu damu yake hatujaipima. Mke wangu Kokwijuka anasema tusubiri. Mimi nasema tusubiri. Ni jambo la kwanza tulilokubaliana bila ugomvi katika miaka arobaini ya ndoa. Naogopa, Ndugu Mratibu. Akikohoa naacha kula.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Nimeona ofisi yako ina muhuri wa duara. Naomba hati yenye muhuri huo, inayothibitisha kwamba mtu yeyote nitakayemwandika Sehemu B atakuwa hai mwaka 2017, ana mikono miwili yenye nguvu na shoka lake. Kama ofisi haiwezi kumhakikishia mtu uhai, basi imuonee haya mtu inayemuuliza swali hilo kwenye fomu.

4. Kuhusu matumizi ya kizibo. Orodha aliyotusomea mtaalamu ilikuwa ndefu, na nimeichunguza kwa nia njema.

Chupa: chupa zetu zina vifuniko vya bati. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, hukaa kwenye kibuyu, na kibuyu kinazibwa kwa jani la mgomba, ambalo halihitaji kusubiriwa mpaka 2035. Sakafu: aliambiwa na nani kwamba sakafu yangu ni ngumu? Ni udongo uliotandikwa nyasi, na mbuzi hawajawahi kulalamika. Soli za viatu: naafiki, siku nikipata viatu. Chombo cha kwenda angani: sina.

Maboya ya nyavu: hapa nilipata matumaini kidogo, nikamuuliza Bwana Sayi, Msukuma anayeleta dagaa kutoka visiwa vya Muleba. Alicheka mpaka akaweka tenga chini. Alisema visiwani maboya wanakata kwenye kandambili zilizochakaa, wanazitoboa, wanazifunga kwenye kamba ya juu ya wavu, zinaelea vizuri. Nikamuuliza kama kandambili haziishi. Akaacha kucheka. Akasema, mzee, siku hizi visiwani kandambili ni nyingi kuliko miguu. Kambi yao ilikuwa na wavuvi arobaini, wamebaki kumi na tisa, na viatu vya wenzao viko majini vinashikilia nyavu. Kwa hiyo soko la maboya limejaa, Ndugu Mratibu, na bidhaa yenyewe imeletwa na ugonjwa bila fomu yoyote.

Haki inanitaka nitaje pia kizibo kimoja ninachokifahamu. Wenzake Nathanieli walirudi kutoka vitani na redio, baiskeli, mmoja alirudi na mlango. Yeye alirudi na chupa moja tupu ya divai aliyookota kwenye nyumba iliyobomoka, na kizibo chake. Mama yake alimsema wiki nzima. Chupa ile tunatilia mafuta ya taa mpaka leo, na kizibo ni kilekile. Kimetolewa na kurudishwa kila siku kwa miaka kumi na mitatu, hakijapasuka, hakijaoza, hakivuji. Mtaalamu wenu angefurahi kukiona. Mimi kikinikaa mkononi hasira hunipanda, maana kilicholetwa kipo na aliyekileta hayupo. Hilo nalo ni lalamiko, liandike popote penye nafasi.

5. Kuhusu ubao. Tunashukuru kwa ule ubao wa matangazo wa kizibo mliompa Bwana Burhani ili abandike maendeleo ya mradi. Ni ubao mzuri. Ukichomoa pini tundu linajifumba lenyewe, jambo ambalo watoto wamelifanya mchezo. Lakini ni mdogo. Wiki ya kwanza ulijaa matangazo ya misiba. Wiki ya pili Bwana Burhani alianza kubandika moja juu ya jingine, na watu wa juu wakawafunika watu wa chini, mpaka mjane mmoja alikuja kulalamika kwamba mumewe amefunikwa na mtu wa ukoo ambao hawaelewani. Maendeleo ya mradi hayakupata nafasi. Naomba mtuletee ubao wenye ukubwa wa ukuta, au mtupunguzie matangazo.

6. Kuhusu kelele. Mtaalamu alisema kizibo kikibandikwa ukutani sauti haipiti. Naomba kinachotosha chumba kimoja cha hatua nne kwa tano. Ni chumba cha mke wangu. Kilio kikianza kwa jirani yeye huinuka na kujifunga kanga, awe na homa au hana, awe na kazi gani mkononi, kwa kuwa asipokwenda kwao hawatakuja kwetu, nasi tumekwishajiwa mara nne. Mwezi uliopita aliinuka mara kumi na moja. Nikimwambia apumzike anasema amesikia. Basi asisikie.

7. Kuhusu mazishi yangu, na hili ndilo ombi kubwa.

Kati ya mitoma yangu minne, mitatu ni ya watu wote, atakaye aje. Wa nne ni wangu. Nilipomzika Joviana niliufunga majani nikasema huu hauguswi tena mpaka siku yangu. Umepumzika miaka miwili. Gome lake limenenepa, ukiligonga linajibu. Watu wamekuja kuniomba, watu wazima, wanalia, nami nimewakatalia nikawapa la mti mwingine lenye viraka. Mwinjilisti mstaafu. Nimeona haya kila mara, na kila mara nimekataa tena, kwa kuwa sitaki kuzikwa kwenye blanketi la mtumba lililoandikwa jina la hoteli ya watu.

Ninyi sasa mnataka niukate. Sawa. Mtu anayechukua nguo ya mwenzake hana budi kumpa nyingine, na ninyi nguo yenu ni kizibo. Nimechukua kizibo cha Nathanieli nikajipima nacho. Nina futi tano na inchi saba. Upande wa mbele peke yake, kuanzia kidevuni hadi vidole vya miguu, vinahitajika vizibo elfu moja mia tano na ishirini. Upande wa nyuma nao idadi hiyo hiyo, maana sitaki kulala bila kitu mgongoni. Naomba viletwe vikiwa vimekwisha kushonwa.

Ila kuna tatizo la kitaalamu ambalo naliweka mbele yako. Makaburi yetu wakati wa masika huingia maji. Mtu aliyevikwa lubugo hutulia alipowekwa. Aliyevikwa vizibo elfu tatu na arobaini, kwa jinsi nilivyoona kwenye ile ndoo, ataelea. Sipendi siku ya tatu ya matanga nionekane juu ya shamba la kahawa nikielekea ziwani, na wavuvi wa Bwana Sayi wanifunge kwenye nyavu zao pamoja na kandambili. Kwa hiyo kila sanda ya kizibo iletwe pamoja na mawe mawili makubwa, kutoka mradi huohuo.

Kwa sababu hizo saba, narudisha Fomu Namba Mbili. Sehemu A sikuweka sahihi. Sehemu B nimeiacha tupu, si kwa ukaidi, bali kwa kuwa niliyatafuta majina yote ninayoyajua na mengi niliyakuta kwenye ubao wenu. Miche yako kumi na miwili iko chini ya upenu, ina afya, inamwagiwa maji kila siku na mtoto ambaye hakuambiwa. Inaanza kupinda kutafuta jua. Njoo uichukue. Wananchi wa Ureno hawana shida yetu, waambie wapande wao, na wakivuna mwaka 2035 watukumbuke.

Nifikishie salamu kwa karani wako, kwa dereva aliyekataa kushuka kwenye tope, na kwa mtaalamu popote alipo. Mwambie punje tisa ni nyingi kwa mgeni, tulimsifu alipoondoka. Mke wangu anakusalimu. Bwana Burhani anakusalimu na anaulizia pini. Kagaruki anawasalimu wanaume wa ofisini. Kokushubila anasalimu gari.

Ni mimi, mkulima asiyekata mtoma hata mmoja,

Lameki Rugaibula

Baada ya sahihi, 24 Novemba.

Barua hii imelala mezani siku nane, kwa kuwa mwenye baiskeli ni Bwana Burhani naye alikuwa na misiba mitatu mfululizo. Katika siku hizo yametokea mambo ambayo sina budi kuyaandika, ingawa yananivunjia barua yangu.

Jumatano Kokushubila alichukua miche miwili bila ruhusa, akaipanda nyuma ya nyumba karibu na mtoma wangu. Nilipofika alikuwa anamalizia kuifunga majani ya mgomba kuanzia chini mpaka juu, kama anavyoniona nikiifunga mitoma iliyochunwa. Alisema ni ili gome lisiumwe. Mche wenyewe una unene wa penseli. Nikamfungulia majani yale, nikamweleza kwamba mti huu hauchunwi sasa, ni mpaka mwaka 2017. Akauliza siku hiyo yeye atakuwa na miaka mingapi.

Nikahesabu. Thelathini na miwili. Mke wangu alikuwa anamenya ndizi mlangoni, akaacha kumenya. Baba yake mtoto aliishia thelathini na mmoja. Katika nyumba hii tangu mwaka ule tunahesabu miaka kurudi nyuma tu, hakuna aliyediriki kumhesabia mtu kwenda mbele. Mtoto hakuona lolote. Aliuliza siku hiyo atavaa nini.

Alhamisi nilipanda ile kumi iliyobaki. Ijumaa nilikaa nikaitazama yote kumi na miwili imepindia upande mmoja, inakimbia kivuli cha mtoma wa nne. Jumamosi niliuchuna mtoma ule. Gome lilitoka zima, bila tundu, sijapata jingine kama hilo tangu 1984. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimechuna mtoma na sikuufunga majani. Jana Kagaruki alikuja na shoka, tukauangusha. Nililia, naye akaangalia pembeni. Lubugo nimeipiga, imekauka, iko ndani ya sanduku chini ya Biblia. Kwa hiyo vizibo elfu tatu na arobaini futa, na mawe usilete.

Fomu nimeijaza upya. Sehemu A nimeweka sahihi kwa mtoma mmoja. Mitatu inabaki, usiniulize habari zake, ina kazi. Sehemu B nimeijaza kwa wino: Kokushubila Nathanieli. Kagaruki alisema tena kwamba msichana harithi kibanja. Nikamwambia fomu haikuuliza kibanja, imeuliza nani atakuwepo. Ijumaa ijayo tunampeleka mjini kupimwa, mke wangu na mimi, tumekubaliana tena. Majibu yakiwa vyovyote jina sitalifuta.

Miche usije kuichukua. Ukija kwa mengine, njoo na kopo dogo la rangi nyeupe na brashi. Nimemwambia mtoto kwamba ile 7 haiandikwi sasa, mti bado haujachunwa. Anasema anajua. Anataka kopo likae tayari.